Kikaratasi cha Ndani ya Boksi

Kila boksi la dawa lililoingia katika duka la Swaka lilifunguliwa kwanza na Swaka mwenyewe, hata kabla halijapangwa rafuni. Hakuwa akitafuta dawa. Alitafuta kikaratasi cha maelezo, kile kinachokunjwa mara nane hadi kikawa kama ukucha, ambacho wenye maduka wengine pale mtaa wa Sherikat walikitupa au kukitumia kufungia njugu. Swaka alikikunjua, akakinyoosha kwa kiganja, akakisoma mwanzo hadi mwisho, kamusi ikiwa pembeni, kisha akakihifadhi katika kopo la biskuti. Makopo yalikuwa yamefika manne. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Mtu aliyejifunza kufunga vidonda katika kambi ya wakimbizi kule Adjumani, ng'ambo ya mpaka, akasoma sayansi ya darasa la nane jioni kwa jioni ndani ya kanisa la mabati, tayari akiwa na mke na mtoto, hawezi kuona maandishi yanatupwa akanyamaza.

Boksi lilibaki na tyubu au vidonge peke yake, na mnunuzi akaenda nalo hivyo. Hakuna aliyelalamika hata siku moja. Mtaani walimwita Dokta Swaka, naye alikuwa ameacha kuwasahihisha miaka mingi iliyopita.

Jumatatu hiyo mke wake, Rejoice, alikuja dukani mchana moja kwa moja kutoka kliniki, vumbi la barabara ya daraja likiwa bado limemganda miguuni. Hakuketi.

"Baba Jubek, pale walipomjaribu mama pametoka malengelenge," alisema.

"Pale wapi?"

"Chini ya taya. Si nilikuambia, yule daktari alisema kabla ya kumpiga mwanga uso mzima, atajaribu mahali padogo kama sarafu? Basi leo tumefungua plasta, ngozi imetoka nayo. Dokta Pearl mwenyewe ameshtuka. Amesema ngozi ya mama ni nyembamba kama karatasi ya sigara, na haelewi kwa nini."

Swaka alikuwa anapanga vidonge vya malaria. Akaendelea kuvipanga, ingawa vilikuwa vimeshapangika.

Mama yake Rejoice, Teresina, alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu aliyekaanga mandazi kule mtaa wa Mangateen. Kwa miaka minne sasa uso wake ulikuwa ukimwaka. Mashavu na pua vilijaa vipele, na palipokuwa pamejaa vipele pakawa peusi mno, pakavimba, na akisogea tu karibu na karai la mafuta au akinywa chai ya tangawizi, uso wote ulichoma kama umepakwa pilipili. Mwezi uliopita muumini mmoja wa kanisani ndiye aliyewaambia habari za Dokta Pearl, daktari wa ngozi kutoka Kampala, ambaye kila baada ya miezi miwili hukaa siku kumi katika kliniki moja ya mjini na mashine yake ya leza. Dokta Pearl alimtazama Teresina kwa kioo cha kukuza, akampa ugonjwa wake jina: rosasea.

"Watu husema ni ugonjwa wa Wazungu," daktari alimwambia. "Si kweli, mama. Kwetu upo. Ila kwenye ngozi yetu wekundu haujitangazi, na sisi wenyewe hatutazami vizuri."

Akampangia matibabu mawili kwa pamoja: dawa ya kupaka kila jioni, na leza, vipindi vinne. Dawa hutuliza uvimbe na vipele lakini haiwezi kufunga mishipa midogo ya damu iliyotanuka, alieleza. Leza huifunga mishipa lakini haitulizi uvimbe. Ukitumia moja ukaiacha nyingine ni sawa na kupiga kasia upande mmoja, mtumbwi unabaki kuzunguka palepale. Teresina, ambaye utotoni alivuka mto kwa mitumbwi mara nyingi kuliko alivyokanyaga darasa, alilielewa hilo kuliko jambo lolote aliloambiwa na daktari maishani.

"Amemuuliza anapaka nini," Rejoice aliendelea. "Mara tatu amemuuliza. Mama anasema mafuta ya kawaida tu. Mimi nikafungua mdomo, akanifinya, tazama." Akaonyesha mkono. "Tulipotoka nje akaniambia, ukimtaja mume wako mbele ya madaktari, umenivua nguo sokoni."

Swaka alihamisha pakiti moja ya vidonge, akairudisha ilipokuwa.

"Basi daktari amesema, kama kweli hapaki kitu, labda ndivyo ngozi yake ilivyoumbwa. Alhamisi atapunguza nguvu ya mashine, aanze na shavu moja. Halafu Jumamosi anarudi Kampala." Rejoice akaegemea kaunta, akamtazama mumewe. "Baba Jubek. Ile tyubu unayompelekea mama. Ina nini ndani?"

"Ni dawa ya ngozi tu."

"Ya ngozi tu."

"Ningempa mama yako sumu?"

"Mimi sijasema sumu," Rejoice alijibu polepole. Akachukua kitenge chake, akaenda zake.

Swaka akabaki na neno lile kinywani. Sumu. Amelitamka yeye mwenyewe, hakuna aliyemuuliza.

Kwao, mwanamume hatazami uso wa mama mkwe wake. Wakikutana njiani mmoja hupinda kona. Wakiwa nyumba moja, hukaa na ukuta au pazia kati yao, na neno hupita kwa mtu wa tatu. Hali hiyo huendelea hadi siku mkwe atakapoleta mbuzi wa kufungua macho, akachinjwa, wakala pamoja. Lakini Swaka na Rejoice walioana ukimbizini, ambako hata kuku alikuwa habari ya kusimuliwa. Mbuzi hakupatikana mwaka ule, wala uliofuata. Waliporudi nyumbani, heshima ile ilikuwa imeshakuwa tabia, na Swaka alijivunia kuishika kuliko vijana wanaokaa na wakwe zao wakicheka mbele ya televisheni. Kwa miaka ishirini na sita hakuuona uso wa Teresina. Aliijua sauti yake ya mkwaruzo, aliijua miguu yake, kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza.

Kwa hiyo Rejoice alipokuja miaka minne iliyopita akasema, "Mama uso unamwaka," Swaka alimtibu mgonjwa asiyemwona. Aliuliza kwa kinywa cha mkewe, akajibiwa kwa kinywa cha mkewe, akatoa rafuni tyubu ya betamethazoni, krimu kali ya kutuliza ngozi iliyovimba. Baada ya siku tatu uso wa Teresina ulikuwa laini. Kanisani alisimama mbele ya wote akashukuru: Mungu amempa mkwe, na mkwe mwenyewe ni daktari. Swaka alikuwa upande wa wanaume, ameinamisha kichwa, na utamu wa maneno yale ulimshuka mpaka tumboni.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, pamoja na sukari na majani ya chai, aliweka tyubu moja katika mfuko wa mama mkwe. Teresina akiiacha siku mbili, uso uliwaka zaidi, akiirudia, ulitulia. Nani angeona hapo kosa? Rejoice alipolalamika kwamba uso wa mama haupendezi, unazidi kuwa mweusi na ngozi kuwa nyembamba, Swaka alijibu, "Aongeze kidogo." Alikumbuka vizuri kabisa alivyokuwa ameketi siku aliyosema hivyo, mguu mmoja juu ya mwingine.

Jumatano asubuhi alikuja Caroline, msusi wa mtaa wa nyuma, mwanamke wa maneno mengi na kucha ndefu.

"Dokta, nipe ile tyubu yangu."

"Imekwisha."

"Imekwisha?" Aliyeuliza hivyo alikuwa Kizza, Mganda aliyeziba tairi za pikipiki kivulini mwa duka, ambaye masikio yake yalikuwa mali ya mtaa mzima. "Dokta, mimi iko hapa chini na naiona. Iko nyuma ya kichwa yako, boksi sita. Macho yako iko sawa kweli?"

"Anawawekea wake za wakubwa wa jeshi kule Bilpam," Caroline akasema. "Sisi wa kusuka tupake majivu."

"Unapaka wapi?" Swaka akamuuliza.

Caroline akamtazama kama aliyeulizwa jina la mama yake. Miaka yote hii Dokta Swaka hakuwa amemuuliza swali hilo. "Usoni. Ulitaka nipake wapi, kisigino?"

Kizza alicheka hadi akaangusha kiraka.

Swaka aliuangalia uso wa Caroline. Huyu hakuwa mkwe wake, hakuna desturi iliyomzuia, na bado ilikuwa mara ya kwanza kumtazama. Kwenye mbawa za pua palikuwa na vinyuzi vyekundu, vyembamba kama mizizi ya kitunguu.

"Njoo Ijumaa," alisema. "Nina maneno na wewe, lakini njoo Ijumaa."

"Maneno gani tena? Khalas, basi, nitakwenda soko la Konyo Konyo, huko hawana maneno." Akaondoka, kucha zikigonga simu.

Swaka alifunga nusu ya mlango ingawa ilikuwa bado asubuhi. Akashusha kopo la tatu. Hakuhitaji kupekua sana. Mtu anayejua alipozika kitu hachimbi shamba zima. Kikaratasi kilikuwa katikati, kimenyooka, cha kwanza kuwahi kuja na tyubu zile, na kwenye mstari wa kumi na moja kulikuwa na alama ya penseli. *Isitumike usoni. Isitumike zaidi ya wiki mbili bila ushauri wa daktari. Isitumike kwa mwenye rosasea.* Neno la mwisho alikuwa amelipigia mstari mara mbili, kwa sababu siku ile hakulijua. Alikwenda kulitafuta. Pembeni, kwa mwandiko wake uliosimama wima, ule alioufanyia mazoezi katika daftari za mistari miwili, alikuwa ameandika maana yake: *ugonjwa wa uso, vipele, uso kuwaka.* Chini yake, kwa kuwa kila alichojifunza alikiandikia siku, ilikuwepo tarehe.

Miaka miwili na miezi mitano iliyopita.

Alikumbuka pia alichofanya baada ya kuandika. Akajiambia kwamba maandishi haya yaliandikwa na Wazungu kwa ajili ya ngozi za Wazungu. Akajiambia kwamba atamwuliza Rejoice uso wa mama unaendeleaje, jioni, wakishakula. Jioni ilipofika Rejoice alimletea salamu: mama anashukuru, dawa ya mkwe wake imemkuta. Hakuuliza. Alikiweka kikaratasi ndani ya kopo na kuendelea na kilichofuata, cha dawa ya minyoo.

Angeweza kumtuma Rejoice. Aliliwaza hilo usiku na alfajiri, na kila alivyolizungusha lilikuwa na sura ile ile: mke apeleke kosa la mume kwa mama yake, na mume abaki nyuma ya pazia, msafi, amepinda kona. Au angepiga simu kliniki asitaje jina. Lakini Teresina angekataa, angesema ni maneno ya watu, na daktari angemwamini nani? Asubuhi ya Alhamisi, Rejoice akifunga kitenge tayari kwenda kumchukua mama yake, alisema kitu akiwa amempa mgongo.

"Mama anapaka zote mbili. Anapaka ya daktari, halafu juu yake ya kwako. Nimemwambia aache. Anasema zawadi ya mkwe hairudishwi, hata ikiwa moto."

"Kwa hiyo anajua inamchoma?"

"Mwaka mzima anajua, Baba Jubek."

Swaka alipanda boda hadi kliniki na kufika baada yao. Katika ukumbi wa kusubiri aliona miguu aliyoijua haipo tena benchi, imeshaingizwa ndani. Rejoice alisimama mlangoni mwa chumba, akamwona, akaona boksi mkononi mwake, akasogea kando bila neno. Ni hapo Swaka alipoelewa kwamba mkewe alikuwa akimngoja tangu Jumatatu.

Aligonga akaingia, akiangalia sakafu. Aliona magurudumu ya mashine, viatu vyeupe vya daktari, na kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza.

"Baba, huwezi kuingia hapa bila miwani," sauti ya mwanamke ilisema. "Mwanga huu unaharibu macho. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mkwe wake."

Kitandani kitenge kilipapatika. Teresina alikuwa amekivuta hadi juu ya kichwa. "Rejoice! Rejoice, toa huyu mtu! Mimi iko bila kitambaa mbele ya mkwe, haya ni mambo gani?"

"Bado hujawasha, daktari?" Swaka aliuambia ukuta. Kwenye ukuta kulikuwa na kalenda. "Usiwashe. Kuna kitu anachopaka. Kinatoka kwangu." Akaweka boksi juu ya meza, na juu ya boksi kikaratasi.

Dokta Pearl hakuwa mwanamke mkubwa, lakini alipovua miwani yake myeusi na kulichukua lile boksi, chumba kilimwenea yeye peke yake. Alisoma jina. Akafumba macho kidogo.

"Muda gani?"

"Miaka minne."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Mungu wangu. Dakika tano, baba. Ungechelewa dakika tano, ningelichoma shavu hili likabaki na kovu mpaka kaburini." Akavuta pumzi. "Wewe ni mfamasia?"

Swaka alikuwa na jibu la swali hilo, amelitumia miaka yote: nimesoma, nina uzoefu. Safari hii aliliacha. "Nina duka," alisema.

"Usiiambie kalenda," daktari akasema. "Mgonjwa ni huyu. Mwambie yeye."

Ndipo Swaka alipoinua macho.

Teresina alikuwa ameshusha kitenge, labda kwa hasira, labda kwa kuwa kusikia maneno yale akiwa gizani kulimshinda. Miaka ishirini na sita Swaka alikuwa amejitengenezea uso wa kukaa juu ya ile sauti: mpana, mkali kidogo, wa mama mwenye nyumba. Uso uliokuwa mbele yake ulikuwa mdogo. Mashavu yaling'aa kama ganda la kitunguu kilicholowa, meusi pembeni na yenye uzambarau katikati, na ndani ya mng'ao ule mishipa ilitambaa ikionekana yote, kama mtu aliyevuliwa ngozi moja zaidi ya inavyostahili. Chini ya taya kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu. Na katikati ya yote hayo kulikuwa na macho ya Rejoice.

"Mbuzi yangu iko wapi?" Teresina akamuuliza.

Hakuna aliyecheka. Huenda hata yeye hakuwa anatania.

"Mama," Swaka alisema, naye hakuwa amewahi kumwita hivyo ana kwa ana, "hiyo dawa niliyokupa si ya uso. Ukiwa na ugonjwa huu ndiyo kabisa haitakiwi. Inatuliza siku tatu, halafu inaula uso."

"Wewe ni daktari. Ulikuwa hujui?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angeweza kusema sikujua. Kila aliyekuwa chumbani angempokea, hata Rejoice. Mtu wa duka, aliyesomea kambini, angejuaje? Swaka aliutazama mlango huo, na aibu iliyokuwemo ndani yake ilikuwa mbaya kuliko ile ya kubaki nje.

"Nilijua," alisema. "Mwaka wa tatu huu unaelekea. Nilisoma kwenye karatasi. Nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unanisifu."

Mashine ilinguruma peke yake kwenye kona. Rejoice aligeuka akatazama dirishani, mabega yakimpanda na kushuka.

"Karatasi gani?" Teresina akauliza.

"Ile ya ndani ya boksi."

"Mimi nafungua boksi kila mwezi. Karatasi hakuna."

"Nilikuwa naitoa. Nazihifadhi. Nazisoma."

Teresina aliitafakari habari hiyo. Hakuwa amesoma, lakini alikuwa na binti anayesoma, na mjukuu anayesoma, na wote walipita nyumbani kwake kila wiki, na boksi lilikaa dirishani. "Kumbe ilikuwa na maneno yangu," alisema hatimaye, "na wewe umekaa nayo." Akanyoosha kidole kuelekea mezani. "Soma."

"Ni ya Kiingereza, mama."

"Ya Kiingereza, ya Kichina, soma nisikie. Na uangalie hapa."

Swaka akaichukua. Akasoma kwa Kiswahili, akitafsiri mstari kwa mstari, tangu juu kabisa ambako wanaandika jina la dawa na ilivyotengenezwa, kwa sababu Teresina alimkataza kuruka. Kila sentensi ilipokwisha alimtaka ainue macho. Alipofika mstari wa kumi na moja akausoma nao. *Isitumike usoni.*

"Rudia."

Akarudia.

"Na hii kalamu iliyoandika pembeni inasema nini?"

"Inasema, uso kuwaka."

"Ni mkono yako?"

"Ni mkono wangu."

Teresina akajilaza, akavuta kitenge. "Khalas," alisema. "Mtoe sasa."

Dokta Pearl hakumpiga mwanga siku hiyo. Aliwaeleza, Swaka akiwa amesimama kizingitini, kwamba kwanza ile tyubu iachwe kabisa, na kwamba uso utalipiza: utavimba na kuwaka vibaya kuliko ulivyowahi, wiki tatu, hata sita, na hapo ndipo watu wengi hushindwa wakairudia. Dawa yake ya kupaka iendelee, kidogo, jioni. Asikae mbele ya karai, asipigwe na jua. Leza ingengoja hadi ngozi ipate unene wake. "Na mtu amwangalie," alisema. "Kila wiki. Aandike anachokiona, aniletee nikirudi. Nani anaandika vizuri hapa?"

Rejoice alimwonyesha mumewe kwa kidevu, bila kumtazama.

Ijumaa Caroline hakuja. Swaka alimfuata saluni na kikaratasi mkononi, akamsomea mbele ya wateja wake, akaambiwa amelewa. Aliwakumbuka wengine sita walionunua kwake mara kwa mara. Wanne aliwapata; mmoja alikuwa amehamia Nimule, mpakani; wa mwisho hakumkumbuka hata jina, ila mkufu wa rozari na kikohozi. Karatasi katika makopo zilikuwa mamia kwa mamia. Siku moja alizimwaga kaunta akijaribu kukumbuka ni nani alikwenda na boksi lipi, Kizza akamuuliza kama anatafuta cheti chake. Akazirudisha. Tangu hapo kila boksi lilitoka na karatasi yake, lakini yaliyokwisha kutoka yalikuwa yametoka.

Uso wa Teresina ulilipiza kama daktari alivyosema. Wiki ya pili jicho moja lilikuwa mstari tu. Alilia, akaomba tyubu moja, nusu tyubu, akamtukana Rejoice, akamtukana daktari. Swaka hakutukanwa, na hilo ndilo lililomuumiza. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda Mangateen na daftari, akawekewa kigoda mbele ya kile cha mama mkwe, magoti yakikaribia kugusana. Majirani wa kwao waliona, wakanong'ona kwamba dunia imekwisha.

"Sema unachoona," Teresina alimwamuru kila mara.

Naye alisema. Shavu la kulia limevimba. Vipele kumi na vinne, vitatu vina usaha. Puani maganda. Mwanzoni, akiandika, macho yalimtoroka yakaenda kwenye miguu, mahali yalipozoea, na ile sauti ya mkwaruzo ikayarudisha: "Juu. Mimi iko juu." Hakuwahi kumwambia amemsamehe. Swaka hakuwahi kuomba, kwa kuwa aliogopa atasamehewa kwa adabu tu, jinsi zilivyopokewa zile tyubu. Katika mwezi wa tatu wa ziara hizo alimpelekea mbuzi, beberu mwekundu. Teresina alimfunga nyuma ya nyumba, akamlisha maganda ya ndizi, na hakumchinja.

Dokta Pearl aliporudi mara ya kwanza alisoma daftari lote, akagusa mashavu, akasema bado. Mara ya pili, mwezi wa nne ukikatika, alisema sasa.

Chumba kilikuwa kile kile, na kalenda ilikuwa imegeuzwa. Kidonda cha chini ya taya kilikuwa alama nyepesi. Mashavu yalikuwa bado na mishipa yake, lakini vipele vilikuwa vimepungua hadi vikahesabika kwa mkono mmoja, na ngozi iliyobonyezwa kwa kidole ilirudi polepole kama ngozi ya mtu. Rejoice alishika mkono wa mama yake. Swaka alitaka kutoka.

"Abaki," Teresina alisema. "Ana kazi ya kuandika."

Wote wakapewa miwani. Ya mgonjwa ilikuwa ya chuma, imeziba kabisa. Daktari aliibana juu ya macho yake, akaelekeza hewa baridi shavuni, akasema litasikika pigo kama la mpira wa manati, asitikisike. Teresina akakaza midomo. Kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi hakuweza kujua kama mkwe wake anamtazama yeye au anatazama ukuta.

Mashine ikapiga. Shavu likaruka kidogo, mshipa mmoja ukafifia. Ikapiga tena.

Swaka alikuwa na daftari wazi, na kalenda ilikuwa pale pale, karibu na bega lake. Akautazama uso, pigo kwa pigo, hadi la mwisho.